JINA SI NASABA: UCHUNGUZI WA ASILI YA MAJINA YA UKOO YA KIINGEREZA

Utangulizi

Tarehe 18 Aprili 1874 David Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Miongoni mwa waliolichukua jeneza lake alikuwamo kijana Mwafrika aliyeitwa Jacob Wainwright. Kijana huyo alikuwa Myao kwa kuzaliwa. Alichukuliwa utumwani, akakombolewa na Waingereza, kisha akasomeshwa Nasik katika Bara Hindi. Wainwright ni jina la kale la Kiingereza, na maana yake ni fundi wa kutengeneza magari ya kukokotwa na wanyama. Mtu akifungua kamusi yoyote ya majina ya ukoo ataipata maana hiyo bila taabu, tena itakuwa sahihi. Lakini akiendelea mbele na kudai kwamba babu zake Jacob walikuwa mafundi wa magari katika vijiji vya Uingereza, atakuwa amesema jambo ambalo hata mtoto angelicheka.

Hapa kosa linaonekana waziwazi kwa sababu mwenye jina ni Mwafrika. Hata hivyo, kosa hilo hilo hufanywa kila mara juu ya Waingereza wenyewe, na huko halionekani upesi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi majina ya ukoo ya Kiingereza yalivyozuka, mitego iliyomo katika kuyafasiri, na njia wanayoifuata wachunguzi kutoka kwa mtu aliye hai mpaka kwa babu wa kwanza aliyelichukua jina. Hoja yetu ni moja: asili ya jina na asili ya ukoo ni mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni swali la isimu, la pili ni swali la historia, na mwenye kulijibu moja hajalijibu la pili.

Mwandishi wa makala haya hana haki ya kuwacheka wengine. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, niliwahi kusoma mbele ya wenzangu karatasi fupi juu ya majina yatokanayo na kazi, na humo nikaeleza kwamba Farmer ni mkulima. Mhadhiri wangu hakunikaripia. Aliniuliza tu neno hilo lilikuwa na maana gani mwaka 1300. Sikuwa na jibu. Katika Kiingereza cha zama hizo, fermer, neno lililoingia kutoka Kifaransa, alikuwa mtu aliyepatana na wakubwa kukusanya kodi au mapato kwa malipo maalumu. Maana ya mkulima ilikuja baadaye, katika karne ya 16. Nilikuwa nimemtwika mtoza kodi jembe.

1. Jinsi majina ya ukoo yalivyozuka

Kwanza inafaa tutenganishe lakabu na jina la ukoo. Lakabu humfuata mtu mmoja na hufa naye. Jina la ukoo hurithiwa na mtoto, liwe linamwafiki au halimwafiki. Mhunzi akiitwa Smith, hiyo ni lakabu. Mwanawe ambaye ni mvuvi akiitwa Smith, hapo ndipo jina la ukoo lilipozaliwa.

Kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Waingereza kwa kawaida walikuwa na jina moja moja, kama vile Godwine, Wulfric au Ælfgifu. Majina hayo yalikuwa mengi, hivyo haja ya kuongeza jingine haikuwa kubwa. Baada ya ushindi huo mambo mawili yalitokea. La kwanza ni kwamba mabwana wa Kinormani walikuja na desturi ya kujiita kwa mashamba na miji waliyotoka au waliyomiliki. Katika kitabu cha Domesday cha mwaka 1086 tunawakuta akina William de Warenne na William de Percy. Kwa watu hao, kulirithi jina kulikwenda sambamba na kuirithi ardhi. La pili ni kwamba majina ya watawala yalipendwa mno hata yale ya Kiingereza cha kale yakaachwa karibu yote. Muda si muda kijiji kimoja kilijaa akina William, Robert, Richard na John, na ikawa hapana budi kuwatofautisha.

Waliohitaji zaidi tofauti hizo hawakuwa wanakijiji, ambao walijuana, bali makarani. Mwaka 1377, 1379 na 1381 wafalme wa Uingereza walitoza kodi ya kichwa, na kila mlipaji alipaswa kuandikwa. Wasomaji wenye wazee wanaokumbuka kodi za namna hiyo katika nchi yetu hawatashangaa kuambiwa kwamba karani alipokuwa hana jina la pili la mtu, alimpatia kazi yake, kijiji chake au baba yake. Kodi ya 1381 ilichochea maasi makubwa ya wakulima. Lakini orodha zilizosalia zimekuwa hazina kwa mchunguzi wa majina. Kufikia takriban mwaka 1400 jamaa nyingi za Uingereza zilikwisha kuwa na majina ya kurithi, ingawa kaskazini jambo hili lilichelewa.

2. Makundi manne na mitego yake

Tangu William Camden alipoandika juu ya majina mwaka 1605 hadi C. W. Bardsley katika karne ya 19 na P. H. Reaney katika karne ya 20, wataalamu wamezoea kuyagawa majina haya katika makundi manne: majina ya mahali, majina ya wazazi, majina ya kazi na majina ya sifa. Mgawanyo huu ni mzuri, ila kila kundi lina mtego wake.

Majina ya kazi ndiyo yanayodhaniwa kuwa mepesi kuliko yote. Tuchukue Fuller, Tucker na Walker. Majina yote matatu yalitokana na kazi moja, nayo ni kuikanyaga nguo ya sufu katika maji ili isafike na kushikana. Tofauti yao ni ya lahaja: Fuller lilitumika zaidi kusini na mashariki, Tucker kusini-magharibi, na Walker kaskazini na magharibi. Kwa hiyo majina hayo, licha ya kutuambia kazi, yanatuambia mahali. Mwenye kumfasiri Walker kuwa mtu mwenye kupenda kutembea amepotea, na mwenye kumfasiri Coward kuwa mwoga amepotea zaidi, kwani jina hilo lilikuwa la mchunga ng'ombe. Hali kadhalika kiishio -ster katika Webster, Baxter na Brewster kilikuwa hapo kale alama ya mwanamke afanyaye kazi ya kufuma, kuoka mikate au kutengeneza pombe. Baadaye, hasa kaskazini, wanaume nao waliitwa kwa maneno hayo.

Majina ya mahali yana mtego wa aina nyingine. Mtu haitwi kwa mji wake akiwa ndani yake, maana kila aliyemo angeitwa hivyo. Aliyeitwa wa Lincoln kwa kawaida ni yule aliyekwisha kuondoka Lincoln. Jina la namna hii ni alama ya safari. Tena majina ya mahali hurudiwarudiwa: Sutton ni kijiji cha kusini, Newton ni kijiji kipya, na vijiji vyenye majina hayo vimetapakaa nchini kote. Kumwambia mtu aitwaye Newton kwamba babu zake walitoka Newton ni kutomwambia kitu. Majina mengine yalitokana na alama ndogo za ardhi, na humo mipaka ya maneno iliweza kuhama: aliyekaa penye mti wa ash aliitwa atten ash, n ikajiambatisha na nomino, na leo tuna jina Nash. Noakes lilipatikana kwa njia hiyo hiyo kutoka kwa mti wa oak. Na wanaocheka wasikiapo Ramsbottom wajue kwamba neno bottom humo ni bonde tu.

Majina ya wazazi huficha asili yake katika vifupisho. Kutokana na Richard walipatikana Rick, Hick na Dick, na kutokana na hao Dixon, Hicks na Dickens. Robert alizaa Rob, Hob na Dob, ndipo tukapata Robson, Hobbs, Hopkins na Dobson. Wala si kweli kwamba jina lilitoka kwa baba daima. Ibbotson ni mwana wa Ibbot, naye Ibbot ni Isabel. Tillotson ni mwana wa Tillot, yaani Matilda. Huenda mama huyo alikuwa mjane au mwenye mali. Jina peke yake halisemi.

Majina ya sifa ni hatari kuliko yote. Russell ni mwenye nywele nyekundu, kwa Kifaransa. Armstrong ni mwenye mkono wa nguvu. Lakini tuangalie Black na Blake. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na maneno mawili, blæc, yaani -eusi, na blāc, yaani -eupe wa kufifia. Maneno haya yalikaribiana kwa sauti na maandishi hata yakachanganyikana. Basi mtu aitwaye Blake huenda babu yake alikuwa mweusi wa nywele, na huenda alikuwa kinyume chake kabisa.

3. Wales na suala la ubini

Msomaji wa Kiswahili ataielewa hali ya Wales kwa wepesi kuliko Mwingereza. Huko mtu alitajwa kwa jina lake, kisha neno ap, yaani mwana wa, kisha jina la babake. Huu ni ubini hasa. Juma bin Ali humzaa Ali bin Juma, na jina la pili hubadilika kila kizazi. Mwenye kutumia arap naye aijua desturi hiyo. Baada ya sheria za 1536 na 1543 zilizoiunga Wales na Uingereza, makarani wa mahakama walizidi kudai jina la pili lisilobadilika. Jamaa moja moja zikakubali, wakubwa kwanza na watu wa kawaida baadaye, wengine mpaka karne ya 18 na ya 19. Ubini ukagandishwa: ap Rhys akawa Price, ap Hywel akawa Powell, ap Harry akawa Parry, ab Owain akawa Bowen. Wengine walichukua jina la baba kwa kiishio cha Kiingereza, ndipo wakazuka akina Jones, Davies na Williams wasiohesabika.

Kwa mchunguzi wa nasaba matokeo yake ni makubwa. Majirani wawili wa Wales waitwao Jones huenda hawana udugu wowote ila kwamba kila mmoja alikuwa na babu aliyeitwa John siku ile karani alipoufunga mlango.

4. Njia ya kurudi nyuma

Wataalamu wa zamani walikuwa wakianza na jina. Walilitafuta katika hati za karne ya 12 au 13, wakalipata lililofanana nalo, wakaandika maana. Kamusi ya Reaney ya mwaka 1958 ilikuwa kazi kubwa ya namna hii. Kasoro yake, kama alivyosisitiza George Redmonds aliyechunguza majina ya Yorkshire, ni kwamba kufanana kwa umbo la kale na umbo la leo si ushahidi kwamba yana uhusiano. Ni lazima pawe na mnyororo wa watu baina yao. Kamusi ya Oxford ya majina ya Uingereza na Ireland, iliyotoka mwaka 2016 chini ya Patrick Hanks, Richard Coates na Peter McClure ikiwa na majina zaidi ya 45,000, imelitilia maanani onyo hilo kwa kuzingatia majina yalikopatikana na siyo maumbo tu.

Mnyororo huo huanzia kwa aliye hai. Uandikishaji wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Sensa imefanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1801, isipokuwa mwaka 1941 wakati wa vita. Ya kwanza kuhifadhi kwa jumla majina ya watu wote ni ile ya 1841, na ile ya 1851 iliongeza parokia aliyozaliwa kila mtu. Habari za watu hufichwa kwa miaka 100, kwa hiyo sensa ya 1921 ilifunguliwa mwaka 2022. Ile ya 1931 haitafunguliwa kamwe kwa kuwa iliteketea kwa moto mwaka 1942. Nyuma ya 1837 mchunguzi huingia katika daftari za parokia za ubatizo, ndoa na mazishi, zilizoamriwa na Thomas Cromwell mwaka 1538. Daftari hizo zina mapengo, hasa katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1642. Wasia, hati za mabaraza ya mashamba, na orodha za kodi ya meko iliyotozwa kati ya 1662 na 1689 husaidia kuyaziba. Mwisho kabisa ndipo zinapokuja orodha za kodi ya kichwa tulizozitaja. Kamusi hufunguliwa hapo, si kabla yake.

Katika njia hiyo yote mchunguzi hana budi kukumbuka kwamba tahajia haikuwa na kanuni. Saini sita za Shakespeare zilizosalia hazikuandikwa kwa namna moja. Ikiwa mwandishi mkubwa alikuwa hivyo, itakuwaje kwa kibarua aliyetia alama ya X katika daftari la ndoa, na jina lake likaandikwa na padri mgeni asiyeijua lahaja ya mahali? Umbo la jina katika daftari ni sikio la mwandishi kabla ya kuwa ulimi wa mwenye jina.

5. Mfano wa Washington

Tuyaweke haya yote katika jina moja. Washington ni mahali katika Durham, kaskazini ya Uingereza, na wanaisimu hulichambua jina hilo kuwa ni makao yaliyohusiana na mtu aitwaye Hwæssa. Katika kitabu cha Boldon cha mwaka 1183, kilichoandika mapato ya askofu wa Durham, tunamkuta William wa Hertburn, aliyepewa Washington badala ya Hertburn. Baada ya kuhama, ukoo wake ulijulikana kwa jina la mahali papya. Hapa tunaona kwa macho yetu kwamba mwaka huo jina lilikuwa bado likifuata ardhi; lilikuwa halijaanza kufuata damu.

Baadaye tawi moja la ukoo huo lilihamia Lancashire, kisha Northamptonshire, ambako Lawrence Washington alipata shamba la Sulgrave mwaka 1539. Katika miaka ya 1650 John Washington alivuka bahari hadi Virginia. Kitukuu chake ndiye George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. George hakupata mtoto wa kumzaa, kwa hiyo hapana mtu leo, aitwe Washington au asiitwe, awezaye kuwa mzao wake.

Hata hivyo jina halikufa. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, takriban watu 90 katika kila 100 wenye jina la ukoo la Washington walikuwa Wamarekani weusi. Mmoja aliyelitangaza zaidi jina hilo alikuwa Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa huko Virginia. Yeye mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake cha 1901 kwamba alipoingia shule alikuwa na jina moja tu. Alipoona wenzake wana mawili, na mwalimu alipomuuliza lake, akajibu kwamba yeye ni Booker Washington. Basi jina lililoanza kwa Hwæssa, likapita kwa mahali, kwa bwana wa ardhi na kwa rais, likatua kwa mtoto aliyehitaji kujibu katika daftari la shule. Etimolojia ya jina ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini nasaba zake ni nyingi.

6. Ushahidi wa damu

Siku hizi upo ushahidi wa aina nyingine. Kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana, kama jina la ukoo la Kiingereza. Mwaka 2000 Bryan Sykes alichapisha uchunguzi juu ya wanaume 48 wa jina lake mwenyewe. Sykes ni jina litokanalo na kijito, na kwa kuwa vijito ni vingi, ilidhaniwa kwamba jina hilo lilianza mahali pengi. Alikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na kromosomu ya aina moja, ikiashiria kwamba huenda walitokana na babu mmoja. Turi King na Mark Jobling walipochunguza majina 40 mwaka 2009 waliona kwamba majina adimu, kama Attenborough, hushirikiana sana damu, ambapo akina Smith hawahusiani zaidi ya watu wowote wawili waliokutana njiani.

Lakini hata katika majina adimu wapo wasiohusiana na wenzao. Mtoto wa nje ya ndoa aliweza kupewa jina la mamake. Yatima alichukua jina la waliomlea. Na sheria ya Uingereza haikumkataza mtu kujiita atakavyo madhali hakusudii kudanganya. Damu na jina husafiri pamoja kwa muda, kisha huachana bila kuagana.

Hitimisho

Tumeona kwamba jina la ukoo la Kiingereza ni hati yenye tabaka: neno la lahaja fulani, la wakati fulani, lililoandikwa na karani fulani, kisha likarithiwa, likapewa au likachaguliwa. Mwanaisimu anaweza kueleza tabaka la kwanza. Yaliyobaki yamo katika daftari.

Funzo hili latuhusu sisi pia. Wanafunzi wetu huandika tasnifu juu ya majina, na aghalabu huanza kwa kuuliza maana. Maana ni muhimu, lakini katika nchi hii jina la babu mmoja lilipata kugandishwa kuwa jina la ukoo na karani wa kodi, na padri, au na mwalimu wa shule, na mara nyingi yupo bado mzee anayejua ilikuwaje. Waingereza walipotambua kwamba swali la nani aliliandika jina, wapi na lini ni la lazima, walioshuhudia walikuwa wamekufa miaka mia tano iliyopita. Sisi bado twaweza kubisha hodi. Na katika Rabai na Frere Town, walikofanya makazi baadhi ya waliokombolewa utumwani pamoja na wenzao waliosomeshwa Nasik, wapo waliobatizwa kwa majina ya Kiingereza kama Jones. Atakayeyachunguza majina hayo kwa kufungua kamusi atafika Wales. Atakayeanza na wajukuu wenyewe, akarudi nyuma hatua kwa hatua, huenda akafika kwao.